Kula Kwanza, Hesabu Baadaye: Shangazi Anajibu Kuhusu Migahawa ya Mitaani ya Indonesia

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu, zote kutoka mkoa wa Tanga, zinauliza habari za kula katika migahawa midogo ya Indonesia, ile ambayo wenyeji huiita warung. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu inagusa karibu kila kitu, na mbili zilizobaki zitafuata.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa Chumbageni, nina umri wa miaka 24, na mwezi wa nane ninatarajia kwenda Yogyakarta kwa masomo ya miaka miwili. Nimeambiwa kwamba wanafunzi wa huko hawapiki sana vyumbani mwao, bali hula kwenye vibanda na migahawa midogo kwa kuwa bei ni nafuu. Nina hofu mbili. Kwanza sijui utaratibu, nisije nikaingia nikakaa tu huku watu wananitazama. Pili, sijui nitakula nini, maana nimekulia kwenye wali wa nazi, samaki na mboga za kwetu. Naomba unielekeze tangu mlangoni hadi kulipa.*
*Msomaji wa Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na hongera sana kwa masomo. Nami niliwahi kukaa kisiwani Java kwa miezi saba, wakati mume wangu alipokuwa na kazi ya meli Surabaya, na nilikwenda na hofu hizo hizo mbili. Nianze na ya pili, kwa sababu ndiyo itakayokutoka mapema zaidi.

Neno la kwanza utakalolisikia litakuchanganya: kwao *nasi* ni wali. Nazi yetu wao huiita *kelapa*, na tui huliita *santan*. Basi ukiona kibao kimeandikwa *nasi uduk*, ingia bila wasiwasi, kwani huo ni wali uliopikwa kwa tui pamoja na mchaichai, chakula cha asubuhi chenye asili ya Jakarta ambacho kimeenea miji mingi. Ukiingia kwenye mgahawa wa Kipadang, ambao nitaueleza mbele, utaletewa *daun singkong*, na utakapoonja utagundua kwamba ni kisamvu, wakati mwingine kimechemshwa tu, wakati mwingine kimeungwa kwa tui na pilipili. Mimi siku niliyokiona kwa mara ya kwanza nilinyamaza kabisa, kijiko mkononi, kwa sababu nilikuwa wiki ya tatu sijaonja kitu kinachofanana na nyumbani. Katlesi za viazi zipo, huitwa *perkedel*. Ndizi za kukaanga zipo kila kona, samaki wa kuchoma yupo na jina lake ni *ikan bakar*, na achari wao pia huiita *acar*, ingawa yao ni ya tango, karoti na vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari.

Huko Yogyakarta unakokwenda, chakula kinachoutambulisha mji ni *gudeg*, yaani fenesi bichi lililopikwa kwa saa nyingi kwenye tui na sukari ya mnazi hadi likageuka rangi ya kahawia. Nikuambie mapema kwamba ni tamu kwa maana ya sukari, na ulimi uliozoea mchuzi wa samaki wa Deep Sea pale Tanga utahitaji siku kadhaa kuikubali. Usiihukumu kwa sahani ya kwanza. Ile kavu, inayouzwa pamoja na ngozi ya ng'ombe iliyopikwa kwa pilipili iitwayo *krecek*, ndiyo iliyonivuta mimi. Kitu kipya kabisa kwako kitakuwa *tempe*, ambayo ni soya iliyochachushwa ikashikana kama kipande cha mkate, kisha ikakatwa na kukaangwa. Ni nafuu, inashibisha, na mwanafunzi asiyeila atatumia fedha nyingi kuliko wenzake.

Sasa utaratibu. Migahawa hii si ya namna moja, na kila namna ina njia yake ya kuhesabu, na katika kuhesabu ndiko mgeni hukosea.

Ya kawaida zaidi ni ile inayofanana na mama lishe wetu. Kuna kabati la vioo lenye sinia za vitoweo vilivyokwisha kupikwa, benchi refu mbele yake, na mama mmoja nyuma. Nyingi kati ya hizi huitwa *warteg*, kifupi cha warung za Tegal, kwa sababu watu wa mji wa Tegal, ulioko pwani ya kaskazini ya Java ya Kati, ndio walioisambaza biashara hii hadi Jakarta na kwingineko. Hakuna menyu. Unasimama mbele ya kioo, unaonyesha kwa mkono wa kulia, na adabu ya Kijava ni kuonyesha kwa kidole gumba huku vidole vingine vimekunjwa, si kwa kidole cha shahada. Mama anakupakulia wali, anakuuliza kimoja kimoja, unaitikia. Kama hujui kitu ni nini, uliza *ini apa, Bu?*, yaani hiki ni nini, mama. *Bu* ni mama, *Pak* ni baba, *Mbak* ni dada na *Mas* ni kaka. Wewe uliyelelewa Tanga hutakuwa na taabu hapo, kwa sababu Mjava naye husikia vibaya kuitwa kavukavu bila neno la heshima.

Utakula kwanza, kisha utalipa. Ukimaliza unasimama na kumtajia mama ulichokula: wali, mboga ya majani iitwayo kangkung, tempe 2, chai. Yeye hujumlisha kichwani na kukutajia bei. Kwenye meza kuna pia sahani za vitafunio vya kukaanga na pakiti za *kerupuk*, zile krispi pana za wanga zinazovunjika mdomoni, ambazo kila mtu hujichukulia mwenyewe. Hakuna anayekuandikia. Unatarajiwa kukumbuka na kusema, na nakusihi uwe mwangalifu sana katika hili, kwa sababu mama yule anaishi kwa uaminifu wa wateja wake, na mgeni atakayesahau kutaja vipande viwili vya tempe atamkosesha faida ya sahani nzima. Katika mitaa ya wanafunzi ya Yogyakarta utakuta pia mahali ambapo unajipakulia mwenyewe na kupitisha sahani mbele ya mwenye duka kabla ya kukaa. Tazama anayekutangulia anafanyaje, ufuate. Kwa makadirio, wali na mboga na tempe ni kati ya rupia 10,000 na 15,000, na ukiongeza kuku au samaki utafika 20,000 au zaidi kidogo.

Namna ya pili ni mgahawa wa Kipadang, yaani wa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, ambao utautambua kwa dirisha lililopangwa sahani juu ya sahani kama mnara. Hapa ndipo nilipoaibika. Tuliingia mimi na mume wangu, tukakaa, na kabla hatujafungua kinywa akaja kijana amepanga sahani kwenye mkono wake wa kushoto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, akaanza kuzishusha moja moja mezani bila kudondosha hata tone la mchuzi. Nilihesabu sahani 14: nyama, kuku, kichwa cha samaki kwenye mchuzi wa manjano, biringanya zilizofunikwa pilipili nyekundu, mapafu yaliyokaangwa yakakauka, mayai, kisamvu. Nilimshika mkono nikamwambia kwa ishara kwamba hatukuagiza vitu hivi na hatuna fedha za kuvilipia, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko inavyofaa. Mama mmoja wa meza ya jirani alinyanyuka, akakaa karibu nami, akaonyesha sahani moja na kufanya ishara ya kula, kisha akasugua vidole kuonyesha fedha. Akaonyesha nyingine, akatikisa kichwa, akaisogeza pembeni. Nikaelewa: unalipa ulichokula, na usichokigusa hurudi jikoni. Sahani ikiwa na vipande viwili vya nyama nawe ukala kimoja, utalipa kimoja. Mwishoni kijana huja, hutazama sahani, huandika kwenye kikaratasi.

Kwa hiyo usiguse kwa kujaribu tu, na ukiwa na fedha ndogo omba *nasi rames*, ambapo wanakupangia wali, kitoweo kimoja ulichochagua, kisamvu na mchuzi kwenye sahani moja, kwa bei utakayoijua kabla. Kwa maoni yangu ndivyo apaswavyo kula mwanafunzi akiwa peke yake, na utaratibu wa sahani nyingi uachiwe siku ya wageni. Usiondoke bila kuonja *rendang*, nyama ya ng'ombe inayopikwa kwenye tui kwa saa nyingi mpaka mchuzi wote ukauke na mafuta ya nazi yaanze kuikaanga yenyewe. Aliyewahi kukausha nyama kwa tui jikoni kwake ataijua kazi iliyomo.

Kando ya sahani utawekewa bakuli dogo la maji lenye kipande cha limau. Si ya kunywa, ni ya kunawa. Sisi tumezoea kumwagiwa maji kwa birika. Wao huchovya ncha za vidole kabla na baada ya kula. Kula kwa mkono hakuna ubaya hata kidogo, mradi ni wa kulia. Anayetaka vyombo hupewa kijiko na uma, kijiko kikiwa mkono wa kulia, na uma hufanya kazi ya kusukumia tu.

Namna ya tatu utaipenda: *angkringan*, mikokoteni ya jioni ya Yogyakarta yenye jiko la mkaa, birika tatu za chai na tangawizi, na vifurushi vidogo vya wali uliofungwa kwa jani au karatasi pamoja na pilipili na kidagaa. Kifurushi ni kidogo kiasi kwamba watu hula viwili au vitatu. Unakaa kwenye benchi au kwenye mkeka uliotandikwa pembezoni mwa barabara, watu huzungumza hadi usiku wa manane, na kwa kweli ukiondoa lugha ungedhani uko kwenye baraza la kahawa Ngamiani. Huko pia utahesabu vifurushi vyako mwenyewe.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Neno *pedas* ni kali. Ukitaka pilipili iwekwe pembeni, sema *sambalnya dipisah*. Chai ya Java huja na sukari nyingi bila kuuliza, na isiyo na sukari huitwa *teh tawar*. Maji ya bombani hayanywewi, omba *air putih*, ambayo ni maji yaliyochemshwa au ya chupa kubwa. Barafu ya mviringo yenye tundu katikati imetoka kiwandani, lakini ile iliyopondwa kutoka kwenye bonge iache mpaka tumbo lizoee. Chakula cha kwenye kabati hupikwa alfajiri, kwa hiyo kula saa 5 au saa 6 mchana, usingoje saa 10 jioni. Baada ya magharibi nenda kwenye mahema ya barabarani ambako kambare na kuku hukaangwa mbele yako. Kubeba chakula nyumbani ni *bungkus*. Watu huvuta sigara za karafuu wakati wa kula, na harufu hiyo haitakuwa ngeni kwako, maana kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Kama moshi unakukera, kaa ukingoni mwa hema. Waimbaji wenye gitaa watakuja mezani, nao hupewa sarafu au huambiwa *maaf* kwa upole. Bakshishi haitarajiwi.

Kulipa kwa simu kumeenea hadi kwenye mikokoteni, kwa utaratibu uitwao QRIS ambao Benki Kuu ya Indonesia iliuzindua mwaka 2019, lakini mpaka ufungue akaunti, tembea na noti za 5,000 na 10,000. Mahali pa kuwa macho ni mtaa wa watalii wa Malioboro, ambako baadhi ya wauzaji wamelalamikiwa kwa kuwapandishia wageni bei. Pale usile kwanza. Tafuta kibanda chenye bei zilizoandikwa, au uliza *berapa?* kabla hujakaa, na akikwepa kujibu, sema asante na uendelee na safari yako.

*Shangazi, salaam. Mimi ni baharia, naishi Ngamiani. Meli yetu hutia nanga Surabaya na mara nyingine Benoa, Bali. Wenzangu husema Indonesia ni nchi ya Waislamu, kula popote unapotaka. Mimi roho inasita. Je, wanasema kweli?*
*Msomaji wa Ngamiani, Tanga*

Ndugu yangu, roho yako inasita mahali panapostahili. Takriban asilimia 87 ya Waindonesia ni Waislamu, na kwa Surabaya chakula cha warung ya kawaida kwa kiasi kikubwa ni halali. Bali ni habari nyingine, kwa kuwa wenyeji wake wengi ni Wahindu na nguruwe ni chakula chao cha sherehe na cha kila siku. Ukiona *babi guling*, ni nguruwe mzima aliyechomwa, na *lawar*, ambayo kwa macho ni kachumbari ya nyama na nazi, huweza kutiwa nyama hiyo hiyo na damu mbichi. Bali tafuta kibao cha *warung muslim* au mgahawa wa Kipadang.

Hata Java kuna maneno ya kujifunza. *Babi* ni nguruwe, na baadhi ya wauzaji huandika B2 badala yake, yaani neno lenye herufi b mbili. B1 ni mbwa. Maeneo ya Yogyakarta mchuzi wa mbwa huitwa *sengsu*, na katika mji wa Solo utakuta *sate jamu*, jina linalosikika kama mishkaki ya dawa. *Saren* ni damu iliyogandishwa ikakatwa vipande, na ikishakaangwa mtu huweza kuidhania maini. Tambi za *bakmi* na wali wa kukaanga wa mapishi ya Kichina hutiwa wakati mwingine *angciu*, divai ya kupikia, kwa hiyo swali lako lisiishie kwenye nyama. Uliza *pakai angciu?*, yaani mnatia ile divai?

Kuna sheria namba 33 ya mwaka 2014 inayotaka bidhaa ziwe na cheti cha halali, na chakula kisicho halali kionyeshwe wazi. Nembo mpya, iliyotolewa mwaka 2022, ni ya zambarau na ina umbo la mlima wa vikaragosi vya Kijava; ya zamani ilikuwa ya duara na kijani. Hata hivyo wafanyabiashara wadogo waliongezewa muda hadi Oktoba 2026, na kwa sababu hiyo utakutana na mama mcha Mungu kabisa asiye na nembo yoyote ukutani. Usimkimbie. Muulize kwa adabu, *halal, Bu?* Sijawahi kuona aliyeudhika kwa swali hilo, na wa upande wa pili, wanaouza nguruwe, nao walinijibu waziwazi na kunielekeza duka la jirani. Na kama meli itawafikisha huko mwezi wa Ramadhani, zile warung zenye pazia lililoshushwa mchana ziko wazi kwa wasiofunga. Jioni zitafute kwa ajili ya *kolak*, ndizi na viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui na sukari, futari ambayo hutahitaji kuelezwa.

*Shangazi, mwanangu wa kiume anakwenda Jakarta kwa mafunzo ya miezi mitatu. Ana mzio mkali wa karanga tangu utotoni. Nifanyeje?*
*Mama wa Muheza*

Mama mwenzangu, hili nalijibu kwa uzito wote, kwa sababu karanga kwenye vyakula vya Indonesia ni kama nazi kwetu: mara nyingi haitajwi kwa kuwa kila mtu anajua imo. Mishkaki ya *sate* humiminiwa mchuzi wa karanga. Mboga za *gado-gado*, *pecel* na *ketoprak* zote huchanganywa na karanga zilizosagwa, na vivyo hivyo *siomay* na *batagor* zinazouzwa mitaani. *Rempeyek*, kile kitafunio cha kukaanga chembamba kama karatasi, kina karanga nzima ndani yake, na nasi uduk huweza kunyunyiziwa karanga juu. Kibaya zaidi, muuzaji husaga pilipili na karanga kwenye jiwe moja, kwa hiyo kusema "usiniwekee karanga" hakutoshi; mahali panapouzwa vyakula hivyo asiingie kabisa.

Vilivyo salama zaidi, baada ya kuuliza, ni supu ya kuku iitwayo *soto*, samaki au kuku wa kuchoma bila mchuzi, na vitoweo vingi vya Kipadang, ambavyo mchuzi wake hutegemea tui badala ya karanga. Mafuta ya kukaangia kwa kawaida ni ya mawese.

Afahamu jambo moja la lugha. Neno *kacang* peke yake hubeba jamii nzima ya kunde: *kacang panjang* ni maharage marefu ya kijani, *kacang hijau* ni choroko. Akisema tu hali kacang, muuzaji anaweza kuondoa yale maharage na kuiacha karanga. Aseme *kacang tanah*. Mwandikie kadi mbili kwa herufi kubwa, SAYA ALERGI KACANG TANAH. BISA BERBAHAYA SEKALI, yaani nina mzio wa karanga na unaweza kuwa wa hatari sana. Moja aiweke kwenye pochi, nyingine nyuma ya kasha la simu, na aionyeshe kabla hajavuta kiti. Dawa aliyoandikiwa na daktari aibebe mfukoni, isibaki kwenye sanduku chumbani.